Damu isiyoganda: tuko wangapi Tanzania? Maswali ninayoulizwa kila siku hapa Moshi

Mi ni mama wa mvulana wa miaka 9 mwenye himofilia A kali, tunaishi Pasua. Tangu mwanangu agundulike maswali hayaishi, kwenye jumuiya, sokoni Memorial, shuleni kwake, na mengi yakizunguka yanarudi palepale, eti huo ugonjwa si ni wa watu wachache sana, mbona hatuwaoni? Nimeamua niyajibu yote sehemu moja, niliyofundishwa kliniki na niliyoyasoma mwenyewe usiku mtoto akiwa na dripu.

Kwanza himofilia ni nini, maana wengine tunasikia tu jina?

Mtu akijikata, damu haigandi yenyewe tu, kuna kazi inafanyika. Chembe sahani zinakimbilia pale kuziba tundu, alafu kuna protini zinaitwa fakta, zimepewa namba, zinaamshana moja baada ya nyingine mpaka unatokea utando unaoshikilia kile kizibo kisibanduke. Sasa mtoto akizaliwa fakta 8 yake ni pungufu hiyo ndo himofilia A, ikiwa ni fakta 9 ni himofilia B. Fakta ikiwa chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida ni kali, 1 mpaka 5 ni ya kati, 5 mpaka 40 ni nyepesi. Na watu wanafikiri mtoto wangu akikatwa kidogo damu inaruka kama bomba limepasuka, hapana, haitoki kwa kasi kuliko yako wewe, inatoka kwa muda mrefu, na mara nyingi hata huioni kwasababu inatokea ndani, kwenye goti, kiwiko, kifundo cha mguu.

Himofilia ina ndugu yake ambaye ni wa kawaida zaidi lakini hatajwi, unaitwa ugonjwa wa von Willebrand, jina la daktari wa Finland aliyeuandika mwaka 1926. Hapo inayokosekana ni protini inayobandika chembe sahani kwenye kidonda na pia inayoibeba fakta 8 isiharibike mapema. Yule daktari aliletewa mtoto wa kike wa miaka 5 kutoka visiwa vya Åland, na huyo binti akaja kufariki ana miaka 13, kwa damu ya hedhi. Mlishike hilo, nitalirudia.

Sasa Tanzania tuko wangapi?

Twende kwa hesabu. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 61,741,120, wanaume kati yao 30,053,130. Mwaka 2019 wataalamu walichukua daftari za nchi zinazohesabu wagonjwa wao vizuri, Ufaransa, Uingereza, Italia, Kanada, Australia na New Zealand, wakapata kwamba kwenye kila wanaume 100,000 walio hai, wenye himofilia A ni kama 17 na wenye B karibu 4, jumla 21 hivi. Chukua hiyo weka kwa wanaume wetu milioni 30 unapata zaidi ya 6,000.

Njoo huku kwetu. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,861,934 na Arusha 2,356,255, ukijumlisha wanaume ni kama milioni 2. Kwaiyo kuanzia Rombo, Same, Machame, mpaka Karatu na Longido, tungetegemea watu 400 na kitu wenye himofilia. Hao ni Coaster kumi na kitu zimejaa! Mi kwa miaka 9 ya kwenda kliniki nawajua kwa sura wachache sana, na nikikaa pale kwenye benchi huwa nawaza hizo Coaster zingine ziko wapi.

Von Willebrand ndo usiseme. Wale wenye dalili za kuwapeleka hospitali ni kama mtu 1 kwa kila 1,000, wanaume na wanawake sawasawa. Kwa nchi nzima ni zaidi ya watu 60,000, na wengi wao hata jina hilo hawajawahi kulisikia.

Mbona basi madaktari wenyewe wanasema wagonjwa wa himofilia ni wachache?

Wanasema wanaowaona, na wanaoonekana ni waliopimwa. Himofilia haina sura. Ukienda na malaria kipimo kipo mpaka zahanati ya kijiji, lakini kipimo cha fakta kinafanyika kwenye maabara chache kubwa, kwaiyo mtoto wa Simanjiro anayevimba goti kila mwezi ataandikiwa baridi yabisi, au TB ya mifupa, au atapewa diklofenaki ambayo ndo inazidisha damu, alafu kwenye takwimu anaingia kama mgonjwa wa viungo. Kwetu hahesabiwi.

Na hili sio la Tanzania peke yake. Kabla ya 2019 dunia nzima ilikuwa inasema wenye himofilia ni kama 400,000. Ile hesabu mpya ikaleta wanaume 1,125,000. Haikuwa kwamba ugonjwa umeongezeka, kilichobadilika ni namna ya kuhesabu.

Kuna jambo lingine kwenye hesabu hizo ambalo mimi liliniliza. Ukihesabu wanaozaliwa nao badala ya walio hai, inakuwa karibu 30 kwa kila wavulana 100,000, sio 21. Wale 9 katikati ni watu waliokufa mapema, na hiyo ni kwenye nchi zenye dawa kwenye friji nyumbani. Ukiweka ile 30 kwetu unapata karibu 9,000, ina maana hata kama tungekuwa na huduma ya Ufaransa bado kuna pengo la zaidi ya 2,500, na huduma ya Ufaransa hatuna. Kwaiyo mtu akiniambia wagonjwa ni wachache huwa namuuliza, wachache kwasababu hawakuzaliwa, au kwasababu tumewazika?

Si ni ugonjwa wa wazungu na wafalme wao?

Hapana. Himofilia inatokea kwa kiwango kilekile kwa watu wote, Mchaga, Mmasai, Mwarusha, Mmeru, Mpare, Mhindi, Mzungu. Habari ya wafalme ilitokana na malkia Victoria wa Uingereza aliyekuwa mbebaji, yaani ana kosa la jeni analoweza kumrithisha mtoto, wajukuu zake wakaolewa Urusi na Hispania ukaenda nao, na mwaka 2009 vinasaba vya mifupa ya familia ya mfalme wa Urusi vilionyesha ilikuwa himofilia B. Wao waliandikwa vitabuni maana ni wafalme. Mjomba wako aliyefariki mdogo kwa kung'oa jino hakuandikwa popote, ikasemwa karogwa.

Tofauti iliyopo kwa watu weusi ni kwamba tukianza dawa ya fakta, miili yetu inatengeneza kingamwili za kuikataa mara nyingi zaidi kuliko wazungu, kwaiyo kama dawa imeacha kufanya kazi ghafla mwambie daktari, usiongeze dozi kimyakimya.

Mtoto wangu alitahiriwa akatoka damu siku tatu, je ndo yenyewe?

Inawezekana kabisa, na kwetu hapa tohara ndo inayowafichua watoto wengi. Wangu ilikuwa hivyohivyo. Tulimpeleka Desemba, si mnajua Desemba ya Moshi, kila mtu karudi nyumbani, babu anataka mjukuu amalize kabla watu hawajaondoka. Alikuwa na miezi 7. Asubuhi wakamaliza, jioni nepi imelowa, wakafunga tena, usiku ikalowa tena, wakashona, siku ya pili yale matundu ya sindano yenyewe yakaanza kutoa damu. Kwenye hospitali ile, sitaitaja, niliambiwa mama umemfungua vibaya ndo maana. Siku ya nne akiwa mweupe kama karatasi ndo daktari mmoja kijana akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: mama, kwenye ukoo wenu kuna mwanaume alishawahi kutoka damu hivi? Nikakumbuka kaka zake mama yangu, wawili, walikufa wadogo.

Kwaiyo nawaomba sana, kabla ya tohara ya hospitali au ya jando, ulizeni hilo swali upande wa mama. Likijibiwa ndio, pima kwanza. Mwenye himofilia anaweza kutahiriwa, ila kwenye hospitali kubwa, dawa ikiwa imeshaingia mwilini kabla kisu hakijagusa.

Dalili zingine kwa wadogo ni uvimbe mkubwa sehemu aliyochomwa chanjo, manundu na alama za bluu akianza kutambaa, damu mdomoni akiota meno isiyokata. Kitovu kikitoa damu muda mrefu baada ya kudondoka hiyo inaweza kuwa upungufu wa fakta 13, huo ni adimu kweli, kama mtu 1 kwa milioni 2.

Wanawake si hawaumwi, wanabeba tu?

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwa kila mwanaume mmoja mwenye himofilia kuna wanawake wabebaji kama mmoja na nusu. Hao kwa miaka yote walikuwa hawahesabiwi kama wagonjwa, wanaitwa wabebaji basi, wakati karibu theluthi yao wana fakta chini ya asilimia 40, na mwanaume mwenye kiwango hicho tunamwita mgonjwa! Mwaka 2021 ndo wataalamu wa kimataifa walikubaliana kwamba mwanamke mwenye fakta chini ya 40 naye aitwe ana himofilia, nyepesi, ya kati au kali, kama mwanaume.

Na von Willebrand inamkamata mwanamke vibaya zaidi kwasababu anatoka damu kila mwezi na kila akizaa. Binti anayebadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, hedhi inapita siku 7, inatoka mabonge, anavaa sweta kiunoni akienda shule kuficha, huyo apimwe. Shida ni kwamba akimwambia mama yake anaambiwa hata mimi nilikuwa hivyo, hata bibi yako, ndo sisi wa ukoo huu. Hilo jibu ndo dalili yenyewe, ugonjwa unarithiwa mama, kwanini usiwe kwenu wote watatu?

Kwaiyo mama ndo kamletea mtoto?

Swali hili limevunja ndoa nyingi, naliandika kwa uchungu.

Jeni ya fakta 8 na 9 iko kwenye kromosomu X. Mvulana anapata X moja tu, ya mama. Mama mbebaji kila mimba ya mvulana ni nusu kwa nusu kuumwa, na kila mimba ya binti ni nusu kwa nusu kuwa mbebaji, na haijalishi waliotangulia walikuwaje, kila mimba inaanza upya. Baba mwenye himofilia watoto wake wa kiume wote wako salama, mabinti zake wote ni wabebaji. Von Willebrand yenyewe haipiti huko, baba au mama yeyote anaweza kupitisha.

Sasa sikieni, karibu theluthi ya wagonjwa wa himofilia hawana mtu mwingine kwenye ukoo, kosa la jeni limeanza upya. Na katika himofilia A kali, karibu nusu ya familia zina kosa la aina moja, kipande cha jeni kimegeuka kichwa chini miguu juu, na kosa hilo karibu mara zote linatokea wakati mbegu ya mwanaume inatengenezwa. Maana yake kwa wengi lilianza kwa babu mzaa mama, au huko nyuma zaidi, mwanaume ambaye hakuumwa na hakujua. Shemeji zangu walikuja wanne kunihoji, niliwaeleza hivi, wakanyamaza.

Nilipimwa FBP, kile kipimo cha picha nzima ya damu, ikawa safi, bado kuna haja?

Ndio. FBP inahesabu chembe sahani na wingi wa damu, haigusi fakta. Kwenye himofilia chembe sahani ziko sawa kabisa. Kinachotakiwa ni kipimo cha muda wa damu kuganda, kuna PT na APTT, himofilia PT inakuwa kawaida na APTT inachelewa, alafu wanapima fakta 8 na 9 moja moja kujua ipi. Von Willebrand ni mjanja zaidi, APTT inaweza kuwa nzuri na bado unao, kwaiyo mweleze daktari historia yako yote na kipimo chake chenyewe kifanyike.

Damu ya kipimo hiki inawekwa kwenye chupa ya kifuniko cha bluu na lazima ijae mpaka kwenye mstari, ikipungua majibu yanadanganya. Pia haitakiwi kukaa, ndani ya saa 4 iwe imeshughulikiwa, kwaiyo kutolewa damu kijijini ikapanda basi mpaka mjini kesho yake ni kupoteza hela, bora apande mgonjwa mwenyewe.

Ni sawa na selimundu?

Hapana. Selimundu ni chembe nyekundu zinabadilika umbo, na watoto wanaozaliwa nayo Tanzania ni kama 11,000 kwa mwaka. Himofilia kwa hesabu ile ya 30 kwa kila wavulana 100,000 ni karibu 300 kwa mwaka. Ni wachache kweli ukilinganisha, sibishi, ila 300 ni darasa sita mpaka saba za shule ya msingi, kila mwaka, na mpaka leo sehemu kubwa hawajulikani walipo.

Dawa zipo? Bei je?

Fakta ya kuchoma kwenye mshipa ipo, ni ghali mno kwa mtu wa kawaida, na nyingi tunayotumia inakuja kwa msaada wa Shirikisho la Himofilia Duniani. Shirikisho hilo lilianzishwa 1963 na Frank Schnabel, mfanyabiashara wa Montreal, Kanada, aliyekuwa na himofilia kali mwenyewe, na siku yetu ya 17 Aprili, Siku ya Himofilia Duniani, ni siku yake ya kuzaliwa. Ipo pia emisizumabu, inachomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki, au kwa wiki mbili, au hata kwa mwezi, ya himofilia A peke yake. Mwanangu tangu aanze hiyo amemaliza mihula miwili hajakosa mtihani.

Na hapa ndo hesabu inakuwa chakula. Msaada unapangwa kwa wagonjwa waliosajiliwa. Ukibaki kijijini na goti lako, dawa yako haijaagizwa.

Pasipo na fakta kuna mazao ya damu, himofilia A wanaweza kupewa krayo, yaani sehemu ya plazma yenye fakta 8, ila krayo haina fakta 9, mwenye B anahitaji plazma. Jueni aina yenu, mkariri kama namba ya simu.

Akianguka nyumbani nifanye nini?

Goti au kiwiko: mpumzishe, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, funga bandeji, inua juu, nenda kwenye fakta. Usisubiri mpaka livimbe, watoto wakubwa wanasema wenyewe nasikia kama kuna mchwa ndani, hapo hapo ondoka. Akipiga kichwa usikae kuangalia kama atatapika, kimbia, dawa iingie kwanza kabla hata ya picha ya CT. Maumivu ni panado, sio asprini, sio diklofenaki, sio brufeni. Sindano za kwenye msuli kataa kwa heshima, chanjo zote apate ila kwa sindano nyembamba na ubonyeze dakika 5 mpaka 10 bila kusugua.

Mitishamba?

Kuna mzee mmoja huko Kibosho alimchanja mtoto wa mwenzangu chale kwenye goti ili damu mbaya itoke. Nadhani mmeshaelewa kilichofuata, alilazwa wiki tatu.

Naanzia wapi?

Kwa sisi wa huku anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, Mawenzi au Mount Meru, omba rufaa kwenda KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, beba daftari lenye majina ya ndugu wote wa upande wa mama waliotoka damu sana au waliokufa wadogo, na wanawake waliokaribia kufa kwenye uzazi, hao wanasahaulika. Uliza pia chama cha wagonjwa wa himofilia Tanzania, watakuunganisha na wazazi wenzako.

Na wewe mwenyewe umepima?

Nilichelewa. Nilipomzaa nilitoka damu mpaka wiki ya saba, nikaongezewa chupa mbili, na hedhi zangu tangu darasa la saba nilikuwa nakaa na kanga tatu. Miaka yote nikiitwa mbebaji nilijiona mzima. Mwaka juzi dada wa maabara akaniambia mama leo toa na wewe. Fakta 8 yangu ilikuwa asilimia 34. Nimefunguliwa faili langu, linakaa pale pale juu ya la mwanangu. Mdogo wangu anayeishi Sakina, Arusha, mwenye mabinti wawili, tumekubaliana anapanda Noah ya kwanza Jumatatu, naenda kumpokea stendi.